Mshipa Uliozibuliwa Unapoziba Tena: Nani Anaujaza?

Swali hili husikika sana katika kliniki za moyo za Nairobi, kwa kawaida kati ya mwezi wa tatu na wa tisa baada ya mtu kuwekewa stenti, kikapu kidogo cha chuma kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi: "Daktari, nyama choma niliacha, mafuta nimepunguza, dawa nameza kila siku. Sasa mbona nikipanda daraja la miguu pale Thika Road kifua kinabana vilevile?" Anayeuliza huwa ameshajihukumu. Anaamini mafuta yamerudi, na nyumbani wanaamini hivyo pia. Kila akikaa mezani sahani yake inakaguliwa.

Katika miezi hiyo, mara nyingi si mafuta. Kilichojaa ndani ya stenti, kikitazamwa kwa hadubini, ni seli za misuli laini zilizozama ndani ya utando zilioutengeneza zenyewe. Kwa lugha ya kawaida, ni kovu. Mshipa uliumizwa ili ufunguke, ukaanza kujiponya, ukapitiliza. Wanaouendesha uponaji huo ni protini ndogo ziitwazo vichochezi vya ukuaji. Kila kichochezi kina zamu yake, na bila kuzijua zamu hizo ni vigumu kuelewa kwa nini dawa zilizofanya maajabu kwa panya zilianguka kwa binadamu, au kwa nini stenti yenye dawa ilifaulu na bado ikatuletea tatizo jingine.

Tabaka tatu na nyapara mmoja

Ateri ya moyo yenye kipenyo cha milimita 3, saizi ya kawaida kwa zile zinazowekewa stenti, ina tabaka tatu. Ndani kabisa, panapogusana na damu, pana safu moja tu ya seli bapa zilizobanana kama vigae. Hiyo ndiyo endothelia. Nyuma yake kuna karatasi inayonyumbuka, yenye matundu madogo, kisha tabaka la kati lililojaa seli za misuli laini zilizojipanga kuuzunguka mshipa. Nje kuna koti la kolajeni lenye seli za faibroblasti, neva, na vishipa vidogo vinavyoulisha ukuta wenyewe.

Endothelia ndiyo nyapara wa mjengo huu. Hutoa gesi ya naitriki oksaidi na kemikali iitwayo prostasiklini. Zote mbili huzuia chembe sahani, zile chembe ndogo za kugandisha damu, zisinate ukutani na huziweka seli za misuli katika utulivu. (Kazi ya naitriki oksaidi katika mishipa ndiyo iliyowapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad tuzo ya Nobel ya 1998.) Juu ya hayo, endothelia hutandaza minyororo ya sukari ya aina ya heparani, ambayo nayo huzinyamazisha seli za misuli. Nyapara akiwa kazini, seli hizo hufanya jambo moja tu: kubana na kulegea. Kugawanyika ni nadra sana.

Lakini seli ya misuli laini haikuapa kubaki hivyo maisha yote. Tofauti na seli ya msuli wa moyo, inaweza kuacha kazi ya kubana ikaingia kazi ya kujenga: nyuzi zake za kubania zinapungua, viwanda vyake vya protini vinaongezeka, inaanza kutambaa na kuzaliana. Uwezo huo ni wa lazima. Bila huo mshipa uliokatwa usingepona. Tatizo ni kwamba jeraha linaloamsha ujenzi ndilo hilohilo linalomwondoa nyapara. Aliyewahi kusimamia mjengo Ruai au Kayole anajua vibarua wakiachwa peke yao inakuwaje: wa mchanga anamwaga mchanga, wa kokoto anamwaga kokoto, na jioni mlango haufunguki.

Puto linaumiza kwa makusudi

Andreas Grüntzig alipanua ateri ya moyo ya mgonjwa kwa puto kwa mara ya kwanza mjini Zürich, tarehe 16 Septemba 1977. Msingi wa kazi haujabadilika sana tangu siku hiyo. Puto hujazwa maji yenye dawa ya kuonekana kwenye eksirei, kwa shinikizo la angahewa 8 hadi 20. Gurudumu la gari dogo hujazwa angahewa 2 hivi. Kwa nguvu hiyo, gamba la mafuta na chokaa haliyeyuki wala haliondoki. Linapasuka na kusukumwa pembeni. Endothelia inakwanguliwa. Karatasi ya kunyumbuka inachanika mahali fulani, seli za misuli zilizo karibu zinapondwa, na koti la nje linavutwa kuliko lilivyozoea.

Kina cha mpasuko kina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Robert Schwartz na wenzake walipima jeraha kwenye ateri za moyo za nguruwe kwa alama 0 hadi 3: sifuri kama karatasi ya ndani iko salama, moja ikichanika, mbili tabaka la kati likipasuka, tatu waya za chuma za stenti zikifika koti la nje. Kadiri alama ilivyopanda ndivyo nyama mpya, yaani kovu, ilivyokuwa nene. Kwa hiyo stenti kubwa kupita mshipa wake inachochea kovu. Stenti iliyobaki haijafunguka vizuri nayo ina ubaya wake, maana hata kovu la kawaida likiota hakuna nafasi ya kutosha. Daktari anacheza kati ya makosa hayo mawili, ndiyo maana kamera ndogo ya mawimbi ya sauti au ya mwanga inayoingizwa ndani ya mshipa ina thamani kuliko kukadiria kwa jicho kwenye skrini.

Zamu ya kwanza: wanaopasuka na wanaonata

Ndani ya dakika chache, chembe sahani zinanata kwenye kolajeni iliyoachwa wazi na kumwaga vifuko vyao. Ndani ya vifuko hivyo mna kichochezi kinachojulikana kwa kifupi PDGF. Kilipatikana kwa uchunguzi rahisi sana. Mwaka 1974 Russell Ross na wenzake huko Seattle walikuza seli za misuli laini za nyani kwenye vyombo. Zilipolishwa majimaji ya damu iliyokwisha kuganda, zilizaliana. Zilipolishwa majimaji ya damu iliyoondolewa chembe sahani kabla ya kuganda, zilikaa kimya. Kumbe kulikuwa na kitu kilichotoka kwenye chembe sahani.

Kwa miaka mingi PDGF ilibebeshwa lawama zote, na ilikuwa rahisi kuamini hivyo: chembe sahani zinafika kwanza, zinamwaga kichochezi, seli zinazaliana. Ila majaribio yalipochimba zaidi, hadithi haikukaa sawa. Mwaka 1991 kundi la Ross liliwapa panya kingamwili ya kuizuia PDGF baada ya kukwangua ateri ya shingo kwa puto. Nyama mpya ilipungua, lakini kasi ya seli kugawanyika haikushuka. Mwaka uliofuata watafiti wengine walifanya kinyume, wakawatia panya PDGF kwa wingi. Seli zilizohamia ndani ziliongezeka maradufu nyingi, ilhali mgawanyiko uliongezeka kidogo tu. PDGF, basi, kazi yake kubwa kwenye mshipa uliojeruhiwa ni kuwaita vibarua, yaani kuzifanya seli zitambae kutoka tabaka la kati kuelekea ndani.

Nani basi anazizalisha? Hapa panaingia kichochezi kingine, FGF-2, na tabia yake ni ya ajabu kidogo. Protini nyingi zinazotumwa nje ya seli huwa na lebo ya kusafirishia. FGF-2 haina lebo hiyo ya kawaida. Hukaa ndani ya seli ya misuli, na nyingine hushikwa na minyororo ya heparani kwenye utando wa nje, kama akiba iliyofungiwa stoo. Stoo hiyo hufunguka seli ikipondwa. Seli inayokufa chini ya puto ndiyo inayomwaga ujumbe wa kuwazidisha majirani zake. Mwaka huohuo wa 1991, Volkhard Lindner na Michael Reidy walionyesha kwamba kingamwili dhidi ya FGF-2, ikitolewa kwa panya, ilipunguza mgawanyiko wa mwanzo wa seli za tabaka la kati kwa takriban asilimia 80. Ukiunganisha jambo hili na alama za Schwartz, unaona kwa nini mpasuko wa kina una gharama: seli nyingi zaidi zilizopondwa, stoo nyingi zaidi zilizofunguka.

Kwa panya, mgawanyiko huu wa kwanza hushika kasi siku ya kwanza hadi ya tatu. Kuanzia siku ya nne hivi, seli zinaonekana upande wa ndani wa karatasi ya kunyumbuka. Ili zipite, lazima kwanza zikate utando unaozizunguka, na hilo hufanywa na vimeng'enya vya kukata kolajeni na jelatini, ambavyo vichochezi hivyohivyo huamuru vitengenezwe. Zikishafika ndani zinaendelea kuzaliana kwa wiki mbili hivi. Baada ya hapo idadi ya seli haipandi sana, lakini nyama inaendelea kunenepa hadi wiki ya kumi na mbili. Inanenepaje ikiwa seli haziongezeki?

Zamu ndefu: wanaojaza

Jibu liko kwenye kichochezi cha tatu, TGF-beta. Nacho hutoka kwenye chembe sahani, kisha seli za misuli zenyewe huendelea kukitengeneza. Hutolewa kikiwa kimefungwa, na hufunguliwa palepale jerahani. Kikifunguliwa huziamuru seli kutengeneza kolajeni na protini zenye sukari zinazofyonza maji, na wakati huohuo huzuia vile vimeng'enya vya kukata. Yaani kinaongeza wanaomwaga zege na kuwafukuza wanaolichonga. Nyama inayotolewa kwa wagonjwa walioziba tena huwa na utando na maji kwa sehemu kubwa, seli zikiwa chache zilizotawanyika. Dawa inayoua seli zinazogawanyika mwezi wa tano imechelewa, maana mwezi huo wengi hawagawanyiki tena.

TGF-beta ina kazi nyingine huko nje, na kwa maoni yetu ndiyo iliyopuuzwa kwa muda mrefu kuliko zote. Huzigeuza faibroblasti za koti la nje kuwa seli zenye uwezo wa kubana, ambazo huukaza mshipa mzima kama mshipi unaovutwa tundu baada ya tundu. Katikati ya miaka ya 1990, vipimo vya mawimbi ya sauti ndani ya mishipa ya wagonjwa vilionyesha kwamba baada ya puto pekee, sehemu kubwa ya nafasi iliyopotea ilitokana na kukazwa huku, kuliko nyama iliyoota ndani.

Ndiyo sababu stenti ilisaidia. Jacques Puel huko Toulouse na Ulrich Sigwart huko Lausanne waliziweka za kwanza ndani ya mishipa ya moyo ya binadamu mwaka 1986. Kikapu cha chuma hakikubali kukazwa, kwa hiyo ule mshipi wa nje unashindwa. Kwa puto peke yake mishipa iliyobana tena ilikuwa kati ya asilimia 30 na 50. Kwa stenti tupu ya chuma ilishuka hadi 20 au 30. Kuna kejeli ndogo hapa: nyama ya ndani, kwa unene wake, ni nyingi zaidi chini ya stenti kuliko baada ya puto. Puto linaumiza kwa sekunde chache na kuondoka. Chuma kinabaki kikisukuma, na seli za kinga zinakizunguka zikitoa vichochezi vyao wiki baada ya wiki. Stenti inashinda kwa sababu inaanza na nafasi kubwa, na kwa sababu inazuia kukazwa.

Hesabu zenyewe si ngumu. Chukua mshipa wa milimita 3. Nyama ya milimita 0.4 ikiota kuzunguka pande zote, kipenyo kinabaki 2.2, na eneo la kupitia damu linashuka kutoka milimita mraba 7.1 hadi 3.8. Wachunguzi huhesabu kuwa mshipa umeziba tena kipenyo kikipungua kwa asilimia 50, yaani kubaki 1.5, ambapo eneo ni robo tu ya lile la mwanzo. Kwa bomba nyoofu, nusu ya kipenyo ingeruhusu sehemu moja ya kumi na sita ya mtiririko kwa shinikizo lilelile. Moyo hauumii mara moja kwa sababu vishipa vidogo vya mbele hulegea kufidia. Akiba hiyo huisha pale mtu anapopanda ngazi.

Kwa nini kumkamata mmoja hakukutosha

Orodha haiishii kwa hao watatu. Kuna IGF-1, kuna thrombini ambayo kazi yake maarufu ni kugandisha damu lakini pia huziamsha seli za misuli, kuna anjiotensini II na endothelini. Vingi kati ya hivi, vikigusa seli, huifanya itengeneze PDGF yake yenyewe.

Mfano wa kusikitisha ni silazaprili, dawa ya presha inayopunguza anjiotensini II. Mwaka 1989 iliripotiwa kupunguza sana nyama mpya kwa panya. Jaribio la MERCATOR, lililotoka 1992, lilikuwa na wagonjwa wapatao 700 wa Ulaya baada ya puto, nusu hivi wakipewa dawa hiyo. Haikubadilisha lolote la maana. Heparini nayo, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyozuia seli za misuli za panya tangu 1977, haikuwafaa wagonjwa kwa kusudi hili. Sababu zinaeleweka ukirudi nyuma. Ateri ya shingo ya panya ni changa na safi, haina gamba la mafuta. Panya walianza dawa kabla ya jeraha, kwa dozi kubwa kwa kila kilo. Tena walipimwa unene wa nyama, wakati wagonjwa walipimwa nafasi iliyobaki, ambayo kule kukazwa kwa nje kuliiharibu bila kuijali dawa. Na zaidi ya yote, ukifunga mlango wa kichochezi kimoja, vingine vinapita milango yao.

Milango mingi, lakini korido ni moja. PDGF huja kama jozi. Kila upande hushika kipokezi kimoja juu ya seli, na vipokezi viwili vikivutwa pamoja hubandikana fosfati kwa upande wa ndani. Kutoka hapo amri husafiri kwa njia kadhaa: moja ya kutambaa, moja ya kugawanyika, moja ya kutengeneza protini ambayo hupitia kimeng'enya mTOR. FGF-2 na IGF-1 hutumia vipokezi vingine kabisa, lakini amri zao huishia palepale: lango ambalo seli lazima ivuke kabla ya kuanza kunakili jeni zake. Lango hilo lina kufuli, protini iitwayo p27. Vichochezi vikiamuru, p27 hupungua na lango hufunguka.

Rapamaisini, kwa jina jingine sirolimusi, husimama kwenye lango hilo. Ilipatikana katika bakteria wa udongo uliochukuliwa kisiwa cha Rapa Nui na msafara wa Wakanada mwaka 1964, ikachunguzwa kwanza kama dawa ya ukungu, kisha ya kuzuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa. Ndani ya seli hushikana na protini nyingine, na pamoja huisimamisha mTOR. p27 haishuki, seli inabaki mlangoni. Haijalishi nani aliyeipigia kelele. Paklitakseli, iliyotoka kwenye gome la mti wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, hufika kwa njia tofauti: hugandisha nguzo ndogo za ndani ya seli, hivyo seli haiwezi kugawanyika na inatambaa kwa shida.

Stenti za kwanza zenye sirolimusi ziliwekwa kwa wagonjwa mwishoni mwa 1999, kati yao wale wa Eduardo Sousa mjini São Paulo. Dozi ilikuwa mikrogramu 140 kwa kila sentimita mraba ya chuma, na asilimia 80 hivi ilitoka ndani ya siku 30. Linganisha na ratiba ya zamu zilizotajwa hapo juu: dawa ipo kazini wakati seli zinagawanyika na kuhama, kisha inaondoka. Katika jaribio la RAVEL la 2002, baada ya miezi sita hakuna stenti hata moja yenye dawa iliyoziba, dhidi ya asilimia 26.6 ya zile tupu. Sifuri hiyo ilileta shangwe kupita kiasi. Jaribio kubwa zaidi la SIRIUS, la wagonjwa 1,058 na mishipa migumu zaidi, lilitoa asilimia 8.9 dhidi ya 36.3 kingo zikihesabiwa, na ni kwenye kingo ambako nyingi ziliota: pale puto lilipoumiza lakini stenti yenye dawa haikufika. Tangu hapo waangalifu huhakikisha stenti inafunika eneo lote lililopulizwa.

Nyapara naye amezuiwa

Dawa inayosimamisha lango haichagui seli. Endothelia nayo huponya kidonda kwa kugawanyika na kutambaa kutoka pembeni, na sirolimusi inaichelewesha vilevile. Chuma kinabaki uchi kwa muda mrefu zaidi, na chuma uchi ndani ya damu huita donge. Kufikia 2006 wasiwasi juu ya madonge ya baadaye ulikuwa mada kuu ya mikutano ya moyo duniani. Stenti za leo zina nyuzi nyembamba, mara nyingi mikroni 60 hadi 90 badala ya 140 za zamani, na hilo peke yake linasaidia: jaribio la 2001 lililolinganisha nyuzi za mikroni 50 na 140, zote bila dawa, lilipata asilimia 15 dhidi ya 25.8 za kuziba tena. Uzi mwembamba unajeruhi kidogo na kufunikwa mapema.

Hapa ndipo watu hukosea jijini kwetu, na kosa lake ni la hatari. Aspirini miligramu 75 hadi 100 pamoja na klopidogreli miligramu 75 kwa siku hazitolewi ili kuzuia kovu. Hazilizuii. Zinakaa badala ya nyapara hadi endothelia irudi: kwa kawaida miezi 6 kwa aliyewekewa stenti kwa mpango, miezi 12 kwa aliyepata shambulio la moyo, na daktari anaweza kufupisha kwa mtu anayetokwa damu kirahisi. Anayeacha klopidogreli mwezi wa pili kwa sababu fedha zimeisha, au kwa sababu anang'olewa jino River Road, hapati kovu. Anachohatarisha ni donge, ghafla, na donge linaweza kuua ndani ya saa. Dalili zinatofautiana. Kovu huja taratibu: ngazi mbili, kisha moja, kisha kuoga. Donge huja kama shambulio jipya, na hilo ni la kukimbizwa hospitali yenye maabara ya katheta, yaani ya kuzibulia mishipa kwa mrija, bila kungoja foleni ya kliniki ya wiki ijayo. Kovu nalo si la kupuuzwa. Baadhi ya wanaoziba tena hufika wakiwa na maumivu hata wakiwa wamekaa.

Wenye sukari wana mzigo zaidi. Mishipa yao mara nyingi ni myembamba, gamba ni refu, endothelia ni dhaifu tangu mwanzo, na insulini na sukari nyingi hukoleza amri za vichochezi kwenye seli za misuli. Stenti yenye dawa inawasaidia sana, lakini pengo kati yao na wasio na sukari halizibi lote.

Stenti ikiziba, jambo la kwanza si kuweka nyingine juu yake. Kwanza iangaliwe kwa ndani: ilifunguka vizuri? Kama haikufunguka, puto gumu la shinikizo kubwa ndiyo tiba, kwa sababu kasoro ilikuwa ya fundi, siyo ya seli. Kama ni nyama tupu, inapasuliwa kwa puto kisha kupakwa dawa kwa puto lenye paklitakseli linaloachwa limejaa kwa sekunde 30 hadi 60, au inawekwa stenti mpya yenye dawa.

Mkono wa mgonjwa wa figo

Nairobi ina kundi jingine linalosumbuliwa na vichochezi hivihivi, na huongelewa kidogo: watu wa kusafishwa damu. Vena ya mkono huunganishwa na ateri ili ikue na kuchomwa sindano. Vena haikuumbwa kwa shinikizo la ateri, na karibu na maungio damu huzunguka kwa vurugu. Kisu nacho kimeshaijeruhi. PDGF, FGF-2 na TGF-beta zote huonekana kwenye kuta hizo. Nyama huota hasa sentimita chache kutoka maungioni, na mara nyingi kabla hata sindano ya kwanza haijaingia.

Kipimo rahisi wanachotumia wengi ni cha sita: wiki sita baada ya upasuaji, mtiririko wa mililita 600 kwa dakika, kipenyo cha milimita 6, na kina kisichozidi milimita 6 chini ya ngozi. Mgonjwa mwenyewe aushike mkono kila asubuhi. Mtetemo laini, kama wa paka anayekoroma, ni dalili njema. Ukigeuka kuwa pigo kali linalogonga kidole, mbele kumebana. Damu ikichelewa kukoma baada ya sindano kutolewa, mkono ukivimba, au mashine ikipiga kengele ya shinikizo la vena kila mara, mwambie muuguzi siku hiyohiyo. Mshipa uliobana hupanuliwa. Ulioganda kabisa mara nyingi hupotea, na mgonjwa anarudi kwenye katheta ya shingo pamoja na maambukizi yake. Presha isipimwe kwenye mkono huo.

Puto lenye dawa limeonyesha faida hapa: katika jaribio lililochapishwa 2020, mishipa ya kusafishia damu iliyobaki wazi baada ya miezi sita ilikuwa asilimia 82.2 kwa puto la paklitakseli dhidi ya 59.5 kwa puto tupu. Kuichovya vena kwenye dawa mara moja kabla ya kuipandikiza ni kitu kingine. Mwaka 2005, kwa wagonjwa 3,014 waliopandikizwa vena za miguu moyoni, vena zilizolowekwa kwenye dawa ya kufunga jeni za mgawanyiko hazikuziba kidogo kuliko nyingine.

Na mafuta?

Turudi kwa yule wa Thika Road. Mwezi wa tano, tunamwambia si nyama choma. Ila akija miaka mitano baadaye, jibu hubadilika, kwa sababu ile nyama mpya nayo inaweza kuanza kumeza mafuta ya damu na kutengeneza gamba changa ndani ya stenti, hasa mahali ambapo endothelia ilirudi ikiwa dhaifu. Gamba hilo linaweza kupasuka kama gamba lolote. Kwa hiyo dawa ya kolesteroli haisimamishwi eti kwa kuwa kuziba kwa mwanzo hakukuwa kwa mafuta. Haikuwa na uwezo wa kuzuia kovu lile. Inalinda ateri nyingine ambazo hazijawahi kuguswa, na inalinda kovu lenyewe lisigeuke gamba.